Dar hadi Kasumbalesa: mwongozo kamili kwa dereva wa semi anayeanza safari za transiti

Mwongozo huu ni wa kijana aliyekuwa utingo, akapata leseni, na sasa tajiri amemkabidhi funguo za semi kwa mara ya kwanza. Njia ni ile ya Tanzam, barabara kuu ya Tanzania na Zambia: Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha Zambia yote ya kaskazini hadi Kapiri Mposhi, Kopabeti (ukanda wa migodi ya shaba), na mpaka wa Kasumbalesa unaoingia Kongo. Anayepita njia nyingine, iwe ya Rusumo au ya Malaba, atabadilisha majina ya vituo, kazi ni ileile.

Kukanyaga mafuta na kubadili giya unajua, vinginevyo usingepewa gari. Kinachomtofautisha dereva wa masafa ni kusimama: anajua asimame wapi, saa ngapi, na akishasimama afanye nini. Kaa na wakongwe pale Mafinga au Mpemba wakusimulie ajali walizozishuhudia, utasikia mara kwa mara habari ya mtu aliyekuwa na pa kusimama akapapita. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata vituo, kuanzia yadi hadi yadi.

Hatua ya 1: Yadi, kabla ya mzigo

Anza na mkataba. Dereva asiye na mkataba wa maandishi akipata ajali nje ya nchi anabaki na simu ya tajiri ambayo haipokelewi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na kwa kawaida saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Najua wengi watacheka wakisoma hivyo. Lakini bosi akikupigia simu saa 5 usiku akuulize kwa nini umelala Mikumi, ni vizuri ujue kwamba humwombi fadhila.

Kisha karatasi. Weka kwenye faili moja la plastiki lenye zipu: pasipoti, leseni, kadi ya gari na ya tela, leseni ya usafirishaji, bima, nyaraka za forodha. Kuna kadi mbili za njano ambazo wageni wa njia huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, yako wewe na utingo, na Kongo wataiulizia. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa watu wengine unapokuwa nje. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima, hivyo kadi inapatikana hapa nyumbani. Piga picha kila karatasi uihifadhi kwenye simu, na picha hizohizo mtumie mtu wa nyumbani.

Hatua ya 2: Kupakia, ukiwaza mizani

Mzigo ukipakiwa, dereva asiwe kwenye chai. Simama uangalie, kwa sababu ukifika mizani ya Vigwaza atakayejibu ni wewe, si wapagazi wala mwenye mzigo.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inapima mambo mawili: uzito wa jumla na uzito wa kila kundi la ekseli. Ekseli ya usukani mwisho wake tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne, tani 10. Mbili za pamoja, kama zile za difu, tani 18. Tatu za pamoja za tela, tani 24. Jumlisha semi ya kawaida ya ekseli sita: 8 na 18 na 24, unapata tani 50. Hakuna gari linaloruhusiwa kuvuka tani 56, na hizo ni za ekseli saba.

Wengi wanaangukia kwenye ekseli. Jumla yako inaweza kuwa tani 49, ukajiona salama, kumbe mzigo umesogezwa mbele na difu zimebeba 19 na ushee. Ndipo unaambiwa upange upya, juani, na wapagazi wa pale mizani wanajua kabisa huna pa kwenda, bei wanapanga wao. Kumbuka pia vitu ambavyo havimo kwenye karatasi ya mzigo: lita 1,000 za dizeli ni karibu kilo 840, turubai likilowa linaongezeka uzito, na mbao zilizonyeshewa ni mzigo mwingine kabisa. Mizani ni nyingi kabla ya mpaka, kuanzia Vigwaza, Mikese na Mikumi hadi Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba. Ukitoka na kasoro yadi, utaulizwa habari yake njia nzima.

Kontena lina loki zake kwenye pembe. Moja la futi 40 lina nne, mawili ya futi 20 yana nane. Usikubali kuambiwa zimefungwa. Pita uzishike moja moja. Kontena lisilofungwa halianguki kwenye barabara iliyonyooka, linaanguka kwenye kona, na mara nyingi upande ule ambako kuna gari dogo. Mzigo wa wazi ufungwe kwa mikanda yenye rachi, na ukaze tena baada ya kilomita 50 hivi za kwanza, kwa kuwa mzigo ukitikisika hukaa chini na mikanda hulegea.

Hatua ya 3: Mzunguko wa asubuhi

Huu ndio moyo wa kazi, na hapa sitafupisha.

Zunguka gari kila siku kwa mpangilio uleule, kuanzia mlango wa dereva, mbele, ubavu wa utingo, nyuma, kisha urudi. Mpangilio ukiwa mmoja, mwili unakariri, na siku ukiruka kitu utahisi. Chukua tochi hata kama jua limetoka, maana chini ya tela hakuna asubuhi.

Kabla ya kuwasha, angalia ardhi. Doa jipya chini ya injini linasema kitu: jeusi ni oili, la kijani au la pinki ni maji ya rejeta, linalonuka ni dizeli. Pima oili. Fungua rejeta ikiwa imepoa tu. Kandamiza mkanda wa feni kwa dole gumba.

Washa, acha upepo ujae. Magari mengi yanafika bar 8 hivi. Zima injini, kanyaga breki uishikilie kwa dakika nzima huku ukiangalia geji. Sindano itashuka kidogo ukikanyaga, kisha inatakiwa itulie. Ikiendelea kuteremka, upepo unatoka mahali. Mwambie utingo apite akisikiliza kwenye mipira na kwenye vyumba vya breki, huku redio imezimwa. Halafu vuta pete zilizo chini ya tenki za upepo utoe maji. Yakitoka maji kidogo ni kawaida. Yakitoka mazito, meupe kama maziwa, kompresa inapitisha oili na fundi anahitajika.

Sasa magurudumu. Angalia nati moja moja: nati iliyolegea huacha mchirizi wa kutu kwenye rimu kama machozi, hata kabla haijaanza kucheza. Kisha utingo apite na chuma au nyundo akigonga kila tairi. Tairi lenye upepo linarudisha nyundo na kutoa mlio mkavu. Lisilo na upepo linameza pigo. Pale kwenye pacha, yaani tairi mbili zilizokaa pamoja upande mmoja wa ekseli, la ndani ndilo la kushughulikia zaidi, kwa sababu likiisha upepo la nje linalibeba na kwa macho huoni tofauti. Linaendelea kujikunja na kusuguana hadi linashika moto, na gari linaungua kuanzia nyuma wakati wewe mbele unasikiliza taarabu. Toa na mawe yaliyonasa katikati ya pacha.

Mwisho, pale kichwa kinaposhika tela. Ingia chini uone kwa macho kwamba taya za sahani ya kichwa zimeifunga pini ya tela, na kwamba hakuna nafasi kati ya sahani na tela. Panda, funga breki za tela peke yake, weka giya nzito, jaribu kuondoka polepole. Kichwa kikigoma kusogea, mmeshikana. Miguu ya tela iwe juu kabisa na mpini wake umefungwa.

Mzunguko mzima ni kama nusu saa kwa anayeanza, baadaye dakika 15. Kwenye kila kituo cha njiani fanya ule mfupi: gonga tairi, angalia loki au mikanda, na pitisha mgongo wa mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu. Vyote vitakuwa na joto. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki ya pale haiachii au beringi inakufa. Usiondoke hapo.

Hatua ya 4: Gawanya njia kwa vituo

Dar hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Ukihesabu mizani, foleni, milima na vijiji vya mwendo wa 50, wastani wako wa kweli kwa semi yenye mzigo ni kama kilomita 45 kwa saa. Hizo ni zaidi ya saa 20 za usukani. Anayekuambia anafika kwa usiku mmoja na nusu, mwulize alilala wapi.

Mgawanyo unaofaa ni siku tatu. Siku ya kwanza lala Mikumi au Ruaha Mbuyuni. Ya pili lala Makambako. Ya tatu fika Mpemba au Tunduma kabla ya giza, wakati wa kupata nafasi nzuri ya kuegesha bado upo.

Mpango huu una sababu nyingine. Kati ya Morogoro na mji wa Mikumi barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ipite mchana. Tembo usiku hana taa wala riflekta, na rangi yake ni ya lami. Mabango ya faini za wanyama yapo pale barabarani, na ukisoma kiasi utaona kwamba mshahara wa miezi mingi unaweza kuishia kwa twiga mmoja. Baada ya hapo kuna kona za Iyovi, kisha bonde la mibuyu, kisha mlima Kitonga. Vyote hivyo vinataka mtu aliyeamka.

Mwendo wa juu kisheria kwa lori linalozidi kilo 3,500 ni 80, na 50 kwenye makazi. Faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Ukiandikiwa, chukua hiyo namba, lipa, endelea na safari. Ubishi wa nusu saa barabarani unakugharimu zaidi, kwa sababu baadaye utataka kuufidia kwa mwendo.

Hatua ya 5: Usingizi

Kuna saa ambazo mwili unataka kulala hata kama ulilala jana: saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na tena kidogo saa 8 hadi saa 10 alasiri. Panga kuwa umesimama ule muda wa kwanza. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu, tofauti ni kwamba kipimo cha trafiki hakimshiki.

Usingizi wa usukani hauji kama ule wa kitandani. Dalili ya kwanza ni kwamba hukumbuki kijiji ulichopita. Umepita Ilula? Hujui. Ya pili, mwendo wako unapanda na kushuka bila sababu. Ya tatu, tairi za kushoto zinaanza kuimba kwenye ukingo wa lami. Ukifika kwenye kichwa kuanguka na kushtuka, tayari ulishalala. Kwa mwendo wa 80, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 4 za kufumba ni karibu mita 90 bila dereva.

Kufungua kioo, kunawa uso na redio kubwa vinakuchelewesha tu kukubali. Mirungi ni haramu kisheria Tanzania, na hata ukiweka sheria pembeni, inazuia macho kufumba bila kukurudishia akili. Kinachofanya kazi ni hiki: simama pa salama, kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kuanza kazi, hivyo inakuamsha wakati wa kuamka. Ukiamka, shuka, zunguka gari, gonga tairi, ndipo uondoke. Hiyo inakusogeza saa moja au mbili hadi kwenye kituo cha kulala. Haichukui nafasi ya usiku mzima.

Na utingo asipewe usukani "akusogezee kidogo." Hana leseni, bima haitalipa, na wewe usingizini utakuwa umekabidhi tani 50 kwa mtu ambaye hajawahi kushusha mlima.

Hatua ya 6: Milima

Ukienda na mzigo, Kitonga unaupanda. Shida yake ni uvumilivu: injini inachemka, nyuma yako mabasi yana haraka, na kona ni nyembamba kiasi kwamba semi mbili zikikutana lazima moja ingoje. Kama kuna mwenzako juu anashuka, msubiri chini ya kona. Usijaribu kumpita lori jingine pale, hata likiwa linatambaa.

Mteremko wa kukupima wakati wa kwenda ni Iwambi, ukitoka Mbeya kuelekea Mbalizi. Wakati wa kurudi ni miwili: Uyole kushuka Inyala, na Kitonga yenyewe. Kote huko magari yameshindwa breki na watu wamekufa.

Breki hazifi ghafla. Zinakufa kwa joto. Kila unapokanyaga, dramu na viatu vya breki vinasuguana na kupata moto. Ukikanyaga mfululizo, moto unapanda hadi viatu vinateleza tu juu ya dramu, na unaweza kuwa na bar 8 kwenye geji huku gari haikamati. Kwa hiyo kazi ya kushikilia gari mlimani ni ya injini.

Fanya hivi. Simama juu, kabla ya mteremko. Gusa vitovu, angalia geji ya upepo, pumua. Chagua giya ukiwa bado juu: ileile ambayo ungetumia kupanda mlima huo ukiwa na mzigo huohuo, au moja chini yake. Washa breki ya ekzosi au ritada, zinazopunguza mwendo bila viatu vya breki, kama gari linazo. Anza taratibu. Gari likitaka kukimbia kuliko mwendo uliouchagua, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha hadi ushuke kama kilomita 8 chini ya mwendo huo, kisha achia kabisa. Subiri lipande tena, kanyaga tena, achia. Usiegemeze mguu kwenye pedali njia nzima. Usijaribu kubadili giya katikati; ukitoa giya na mpya ikakataa kuingia, umebaki huru.

Na hapa niseme wazi kuhusu kupiga free. Kuna madereva wanaweka nyutro mteremkoni ili dizeli ibaki, iuzwe kwenye madumu ya kando ya barabara. Magari mengi ya siku hizi ukiachia mafuta huku giya ipo, injini haichomi dizeli kabisa wakati wa kushuka, kwa hiyo hata hiyo faida haipo. Unauza breki zako kwa bei ya lita zisizokuwepo.

Ikitokea breki zimekataa, usingoje uhakika. Washa taa zote, bonyeza honi bila kuachia, jaribu giya ya chini kama bado mwendo unaruhusu, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na utafute ukingo wa upande wa mlima uusugue kwa ubavu wa gari. Gari litaharibika. Mbele yako kuna mabasi na bodaboda.

Hatua ya 7: Kuishi na wengine barabarani

Hesabu sekunde 6 kati yako na gari la mbele, nane ikinyesha. Ukungu wa Mafinga na Uyole wakati wa baridi ukizidi, ondoka barabarani kabisa. Kusimama kwenye lami ukiwa umewasha hazadi ni kualika mtu akuingie nyuma.

Tuna lugha ya taa: indiketa ya kulia ikiwaka kwa lori la mbele maana yake usinipite, ya kushoto maana yake pita. Ni lugha ya heshima na nimeiheshimu, lakini mwenzako anaweza kuwa anataka kuingia shambani. Iwe taarifa tu, kutanua utanue kwa macho yako mwenyewe. Wewe nawe usimwashie mtu wa gari dogo "pita" kama hujaona kona yote.

Dereva wa tenka ana mambo mawili ya ziada. Mafuta yanacheza ndani, na yanaendelea kusukuma upande mmoja hata baada ya wewe kunyoosha usukani, hivyo kona uiingie polepole kuliko mwenye kontena. Na likipinduka, kazi yako ya kwanza ni kufukuza watu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, tenka lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Kimbia na wewe, piga kelele za moto, piga 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi.

Hatua ya 8: Ukiharibikiwa njiani

Jitahidi gari liondoke kwenye lami. Likishindikana, vaa kizibao cha kung'aa kwanza, kisha chukua pembetatu, tembea hatua 100 nyuma uiweke, na nyingine mbele. Kama umesimama baada ya kona, pembetatu iwe kabla ya kona, hata kama ni hatua 200. Matawi ya miti ni desturi yetu, yatumie kuongezea, si badala yake: usiku hayang'ai. Weka vizuizi au mawe kwenye magurudumu. Fundi akiingia chini, mtu mmoja abaki nje akiangalia barabara. Ukitengamaa, okota mawe yako yote. Jiwe lililobaki barabarani ni ajali ya bodaboda wa saa 2 usiku.

Hatua ya 9: Kulala na kula

Egesha penye mwanga, penye walinzi, na penye malori mengine. Rudisha nyuma tela hadi milango ikaribie ukuta au lori jingine, wezi wasipate pa kufungulia. Funga kifuniko cha tenki. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, angalia lakiri, hii tunayoiita sili, usome namba yake ulinganishe na karatasi. Ikiwa imeguswa, usisogeze gari. Piga picha, ripoti hapohapo. Ukiondoka ukaja kusema mpakani, ni wewe.

Fedha za safari zigawanye: za leo mfukoni, nyingine kwenye simu, akiba sehemu ambayo utingo peke yake ndiye anaijua, au hata yeye asiijue. Hapo kila mtu na moyo wake.

Chakula cha barabarani kwa sehemu kubwa ni chipsi, nyama ya kukaanga na soda, na mwili wa kukaa saa 10 unakipokea vibaya. Jiko dogo la gesi kwenye boksi la pembeni, sufuria mbili, dagaa, maharage, mchele na dumu la maji vinaokoa pesa na tumbo, hasa kwenye foleni ya Kasumbalesa. Mchana kula kidogo. Sahani ya ugali iliyojaa saa 7 inakutana na ule usingizi wa saa 8. Jiko lisiwashwe ndani ya kebini.

Hatua ya 10: Mwili

Kunywa maji na usibane mkojo. Mawe kwenye figo na maambukizi ya njia ya mkojo ni wageni wa kawaida wa kazi hii. Kila kituo nyoosha mgongo na miguu. Pima presha na sukari kila urudipo, ni dakika tano kwenye zahanati yoyote. Chandarua kidogo cha kebini kinafungwa kwa kamba mbili tu.

Kuhusu VVU tuongee kiutu uzima. Mpakani unakaa siku, upweke upo, pesa ipo. Kondomu ziwe kwenye gari, na kituo cha afya kitakueleza kuhusu dawa kinga. Anayetumia dawa za kufubaza abebe za safari nzima na za wiki mbili zaidi, kwa sababu foleni haikuahidi kitu, na azimeze kwa saa ya nyumbani. Saa ya nyumbani nasisitiza kwa sababu ukivuka Nakonde, saa inarudi nyuma saa nzima. Pia Zambia, wakikuambia njoo saa 9, kwa kuhesabu kwetu ni saa 3 ya asubuhi kwa saa yao, yaani saa 4 kwa saa ya nyumbani.

Hatua ya 11: Kuvuka

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu Oktoba 2019: ukienda Zambia, taratibu za nchi zote mbili unazimalizia upande wa Nakonde. Wakala wako awe ameshatuma nyaraka kabla hujafika. Kubadili kwacha, pesa ya Zambia, ingia duka la kubadili fedha. Wa mtaani ana vidole vyepesi, na noti zilizokunjwa katikati zinahesabika mara mbili. Baki na kwacha za kutosha kwa vituo vya tozo, na kila risiti iingie kwenye faili.

Nakonde hadi Kapiri Mposhi ni kama kilomita 800, misitu mirefu, vituo vichache. Jaza maji, chakula na dizeli mapema, na usiku usiendeshe kati ya Mpika na Serenje kama una namna. Gari likifa pale, mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Kasumbalesa barabara inageuka. Kongo wanaendesha kulia, na usukani wako upo kulia vilevile, maana yake umekaa upande wa mtaro na huoni gari linalokuja unapotaka kupita. Usipite. Ikibidi, macho ni ya utingo, na mkubaliane maneno mapema: "safi" au "bado," basi. Kiplefti unazunguka kinyume cha ulivyozoea. Hatari haipo kwenye foleni, kwenye foleni unafuata wenzako. Ipo alfajiri, barabara tupu, unatoka maegesho na mikono inakupeleka kushoto yenyewe. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani hadi urudi Zambia, na ukirudi, siku ya kwanza uwe makini vilevile kwa upande wa pili.

Lubumbashi na njia yote ya shaba wanazungumza Kiswahili, utaelewana nao. Ila kwenye bei mara nyingi watakutajia tarakimu za Kifaransa. Toa simu, mwambie aandike kiasi, mkubaliane kwa maandishi.

Hatua ya 12: Kurudi

Shaba ni mzigo mdogo kwa macho. Tela linaonekana nusu tupu, na kichwani unajiona umebeba hewa, wakati mizani inasoma tani zilezile. Mabamba yapangwe juu ya ekseli, yafungwe kwa minyororo, maana yakiteleza mbele kwenye breki ya ghafla hakuna ukuta wa kuyazuia.

Kitonga sasa unashuka. Simama juu, fanya yote ya hatua ya 6. Ukifika chini, Mahenge au Ruaha Mbuyuni, egesha vitovu vipoe kwa upepo, visimwagiwe maji, dramu la moto likimwagiwa maji linapasuka. Usifunge breki ya mkono ikiwa dramu bado zina moto. Weka vizuizi na giya.

Ukiingia yadi Dar, kabla hujakabidhi funguo, andika kasoro zote ulizozihisi njiani: breki inayovuta kushoto, tairi lililoongezwa upepo mara mbili, taa ya tela inayozima kwenye matuta. Andika tarehe, mfanye fundi au meneja asaini, piga picha ya karatasi. Ukipangiwa safari nyingine na gari hilohilo, anza kwa kukagua karatasi hiyo mstari kwa mstari. Kama breki bado inavuta kushoto, gari halijatengenezwa, na hujaanza kupakia.